Mrihani upandwe na kunde

Bwana Mhariri, asalam aleikum. Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lenu maana ukurasa wa kilimo kila wiki ni mahindi, nyanya na ng'ombe wa maziwa, sisi tunaopanda mimea ya dawa huku Malindi hatutajwi kabisa.

Nina shamba dogo upande wa Gede, chini ya minazi michache, napanda mrihani na mchaichai. Zamani nilikuwa naitia mbolea ya yuria nyingi, mrihani ukatoa majani mapana mpaka watu wanasimama njiani kuangalia, lakini ukiyafikicha mkononi hunusi kitu, na mama anayenunua kwangu wa kufukizia akanirudishia mafungu yote. Sikumlaumu. Naitrojeni, kile chakula cha mmea kilichomo kwenye yuria, ikizidi mmea unakimbilia majani tu, yale mafuta yenye harufu yanapungua, na mrihani bila harufu ni majani tu.

Ndio nikaanza kusia kunde katikati ya mistari mvua za mwaka, yaani masika, zikianza. Wazee wetu siku zote wamechanganya mahindi na kunde, ila ukifanya hivyo kwenye mimea ya dawa watu wanakuona umeacha shamba liote majani. Ng'oa mche mmoja wa kunde uangalie mizizi, ina vinundu vidogo, kipasue kimoja, kikiwa chekundu ndani basi bakteria wako kazini wanashika naitrojeni ya hewani. Lakini haiji kwa pupa kama ya dukani, nyingi inapatikana mizizi na majani yakishaoza, kwa hivyo ukimaliza kuchuma kunde usiing'oe, ikate chini na majani uyalaze pale pale, manake ukibeba vyote umeondoka na mbolea yako mwenyewe. Halafu mchanga wetu huu haushiki maji, kunde zikitandaa zinaufunika jua lisiupige, na palizi inapungua sana.

Mbaazi pia nilijaribu, nikazibananisha na mrihani, zikarefuka zikautia kivuli, na mrihani unataka jua ndio unukie. Sasa naziweka pembezoni tu.

Linaloniuma zaidi ni hili la dawa za kupuliza. Kunde zinaingiwa sana na vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, na mtu akiviona tu mbio dukani. Jamani, jani la mrihani halimenywi kama ndizi, linachemshwa hivyo hivyo anapewa mgonjwa anywe, anapewa mtoto mwenye kikohozi, na sumu uliyopulizia kunde imetua hapo hapo kwenye hilo jani! Mimi vikiwa vichache navifinya kwa vidole, vikizidi nang'oa mche mzima nautoa shambani, afadhali nikose mboga ya kunde wiki nzima.

Ninachoomba, maafisa wa kilimo wa kaunti na wataalamu wa kituo cha utafiti cha Mtwapa watufikirie na sisi, watuonyeshe nafasi ya kuacha kati ya mistari na aina ya kunde ya kupanda, maana hizi zangu ni za kutambaa, zinaupanda mrihani zinaubana na kila siku niko shambani nazikwanyua. Na kama kuna msomaji wa Malindi au Mambrui ana mbegu ya kunde fupi zinazosimama zenyewe, tafadhali aandike hapa gazetini, nataka kusia vuli hii.

Mkulima wa mrihani,
Gede, Malindi