Kwenu vijana mliorudi Mwanza kutoka masomoni ng'ambo

Wanangu,

Marahaba, na karibuni nyumbani.

Nimewasikia wengi wenu mkilalamika kwamba mnajiona wageni kwenu wenyewe. Fundi akisema kesho, mnakasirika. Hiace ya Nyegezi ikibanana, mnataka kulia. Shangazi anauliza mshahara na ndoa kabla hujameza tonge. Huo si ugonjwa, wala si kiburi. Mwaka 1955 mtafiti Mnorwe, Sverre Lysgaard, aliandika kuhusu wasomi wa kwao waliokwenda Marekani: furaha mwanzoni, kisha simanzi, kisha kuzoea. Mwaka 1963 watafiti John na Jeanne Gullahorn wakaeleza kuwa mtu akirejea kwao huipitia tena hali hiyohiyo. Ugeni wa huko mliutarajia. Huu wa nyumbani hakuna aliyewaonya, ndiyo maana unauma.

Mji nao haukuwasubiri. Wengine mliondoka tukipanga foleni ya kivuko pale Kigongo. Tangu Juni 2025 watu wanavuka kwenda Busisi kwa daraja. Na wapo tuliowazika mkiwa mbali. Hapa naomba mnisikilize sana. Nendeni mkawape pole wafiwa, hata kama miaka miwili imepita. Kaeni mkekani, ulizeni marehemu aliugua vipi, nani alikuwepo, kaburi liko wapi. Msiharakishe kuaga. Nanyi pia hamkupata nafasi ya kulia. Mkilia hapo, hakuna atakayewashangaa.

Kumbukumbu za huko simulianeni ninyi kwa ninyi, mna haki nazo. Ila mama aliyedamka kwenda Mwaloni, Kirumba, akuchagulie sato mnono, usimwambie mafuta yamezidi na kwamba kule samaki huokwa. Kula kwanza. Siku nyingine ingia jikoni umpikie ulichojifunza. Atafurahi kuliko unavyodhani.

Ndugu wanaoamini mmerudi na fedha, waambieni ukweli mapema, kwa upole. Vyeti vipelekeni TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, vitambuliwe kabla nafasi ya kazi haijatangazwa.

Na wewe ambaye huzuni haipungui, usingizi umepotea na chakula hakipiti, usijifungie chumbani ukingoja ipite yenyewe. Muone daktari, na umwambie mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini. Ukikosa wa kumwambia, njoo Igoma jioni yoyote, hata bila kupiga simu. Nitakusikiliza.

Mzee wenu,
Igoma, Mwanza