Ule waya wa jenereta

Kaka Idi,

Habari za Mbagala? Huku wazima, shemeji yako anakusalimu, Shamsa homa imemwacha. Salamu zingine baadaye, maana picha uliyotuma imeninyima raha: waya wenye plagi dume huku na huku, upande mmoja jenereta, upande mwingine soketi ya sebuleni. Utaua mtu.

Umeme wa jenereta unapitia soketi hiyo hadi kwenye waya wa mtaa, na transfoma haichagui upande. Inayoshusha volti 11,000 kuwa 400, ukiilisha kwa chini inapandisha vilevile. Utasema jenereta yako ndogo, itazidiwa na majirani izime. Mara nyingi ndiyo. Ila waya wa mtaa ukiwa umekatika karibu na kwako, majirani hawamo, na fundi aliye juu ya nguzo anakutana na volti 230 zako kwenye laini aliyoambiwa imezimwa. Ndiyo maana fundi makini hupima kwanza, kisha hufunga ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini, pande zote mbili za anaposhika. Wote ni makini? Thubutu.

Ulivyouliza, kwa nini Jumamosi umeme ulirudi ukakatika mara tatu: si uzembe. Giza likikaa saa nyingi, mafriji na viyoyozi vyote vinataka kuwaka kwa pamoja, na fida, ile laini kubwa inayolisha mitaa, inaweza kubeba hata mara mbili ya kawaida. Kwa hiyo wanafungua swichi za njiani, wanarudisha kipande kwa kipande. Breka ya fida ikiruka papo hapo, tafuta shoti, tawi la mwembe au kikombe cha kushikia waya nguzoni kilichopasuka. Ikishika dakika kadhaa ndipo iruke, shuku mzigo. (Na wale wanaofunga waya mnene wa shaba badala ya fyuzi! Transfoma yenye uwezo wa kVA 100 upande wa volti 11,000 inavuta ampea 5 na kidogo tu. Safari ijayo haiungui fyuzi, inaungua transfoma.)

Nirudi kwenye waya wako. Nunua chenjiova, swichi ya kuchagua umeme wa mtaa au wa jenereta, ya ampea 63 inayokata fezi (waya wenye moto) na nyutro (waya wa kurudishia) pamoja, ifungwe baada ya mita ya umeme, kabla ya meni swichi. Umeme ukirudi, acha taa moja tu. Ikimulika kupita kiasi, zima meni, huenda nyutro imekatika huko nje. Friji lisubiri dakika 10.

Jenereta ni ya kilowati ngapi? Unaiwashia wapi, isiwe ndani na moshi ule? Yule fundi wa Mzee Chande bado yupo Buguruni? Ethi ya nyumba mliipima lini? Na waya, umeshaukata?

Wako,
Salum