Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya: sisi tunaouguza tulale wapi?

YAH: NDUGU WA WAGONJWA KUTOLEWA NJE USIKU

Mheshimiwa Waziri,

Kwanza pokea salamu zangu na pole na majukumu. Najua una mengi na barua za namna hii zinakuja nyingi, ila hii naomba uisome wewe mwenyewe mpaka mwisho, sio msaidizi aisome alafu akwambie kuna mwananchi analalamika. Mimi ni mkulima wa viazi huku nyanda za juu kusini. Nauguza mke wangu, figo zote mbili zimefeli, kalazwa kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa ambayo silitaji jina lake hapa kwa sababu yeye bado yuko ndani na mimi bado nategemea mikono ya walewale. Ukilitaka jina nitakupa ana kwa ana.

Kiukweli nilishajisemea nisiandike. Maoni nimeweka kwenye sanduku, ustawi wa jamii nimeenda, kwa katibu wa hospitali nimeenda nikasubiri kwenye benchi mpaka ofisi ikafungwa, kote naambiwa vuta subira mzee, nikavuta. Kilichotokea wiki iliyopita ndo kimenimaliza subira.

Siku ile mvua ilianza jioni na haikukatika. Sisi ndugu wa wagonjwa huwa tunalala kwenye kibaraza cha jengo la wagonjwa wa nje likishafungwa, tunatandika maboksi na mikeka, akina mama upande wao na wanaume upande wetu, asubuhi kabla wafagiaji hawajafika tumeshakunja kila kitu. Hakuna aliyetupa ruhusa ya maandishi lakini walinzi walikuwa wanatuacha. Usiku huo saa nne wakaja na tochi, amkeni, wote nje ya geti sasa hivi, eti kesho kuna ugeni unakuja kukagua na mazingira yanatakiwa yawe safi. Mheshimiwa, mazingira! Kulikuwa na bibi anauguza binti yake aliyejifungua kwa upasuaji, kambeba mjukuu mgongoni, naye katolewa. Tukaenda kujibanza kwenye vibanda vya mama ntilie ng'ambo ya barabara, mvua inapiga ubavuni, baridi ya huku unaijua.

Saa saba usiku mke wangu akabanwa kifua. Kwa asiyejua, mtu wa figo mkojo hautoki, kwa hiyo maji yakizidi mwilini hayana njia, yanapanda kwenye mapafu, anahema kama mtu anayezama na yuko kitandani pakavu. Daktari wa zamu akaja, huyo sina neno naye, akaandika asafishwe damu kwa dharura na aongezewe damu. Nesi akatoka kuita ndugu wa kitanda cha saba, ndugu wa kitanda cha saba, kibarazani hakuna mtu. Akapiga simu yangu haipatikani, mana simu ilikuwa kwenye kibanda cha kijana anayetuchajia kwa mia tano, na kijana alishafunga akaenda kulala. Humo ndani ukichomeka chaja ukutani unafokewa, kwa hiyo wote tunapeleka kwa yule kijana. Nesi wa watu akaenda mpaka getini, mlinzi akamjibu ndugu wote wameshaondoka.

Wameshaondoka! Tulikuwa ng'ambo ya barabara, ungeita kwa sauti tungesikia.

Ikawa fomu ya kuridhia hakuna wa kusaini, mwenyewe alishaanza kuchanganyikiwa hawezi kushika kalamu, kontro namba imetoka hakuna wa kulipa, mtu wa kukimbia maabara kufuata damu hakuna, na nesi ni mmoja na wodi nzima inamwita. Wakamwekea oksijeni wakasubiri kukuche. Mama wa kitanda cha jirani, naye mgonjwa, ndo aliyekaa naye akamshikilia awe wima mpaka alfajiri kwa sababu akilala chali pumzi inakata. Mimi nimekuja kujua saa kumi na mbili asubuhi geti lilipofunguliwa watu wapeleke chai. Mashine kaunganishwa saa mbili.

Mmesema wenyewe mara nyingi, wewe na waliokutangulia, kwenye majukwaa tena mbele ya kamera, kwamba mgonjwa wa dharura ahudumiwe kwanza mambo ya hela baadaye. Nilikusikia. Sasa nakukumbusha kwa heshima zote kwamba usiku ule dharura ilisubiri kontro namba, na mwenye kuilipa alikuwa kafukuzwa ili pasionekane pachafu.

Ugeni wenyewe ulikuja saa sita mchana, ukapita jengo jipya, ukapiga picha, ukaondoka. Sijui ulitoka wizarani kwako au mkoani, wengine pale walisema ni wafadhili. Kibaraza walikikuta kisafi.

Mke wangu yuko hai, namshukuru Mungu. Ila tangu siku hiyo hajarudi alivyokuwa, anaongea kwa kukatakata, na kila nikiingia saa ya kuona wagonjwa ananiuliza ulikuwa wapi. Nimemueleza, anaitikia, kesho yake anauliza tena. Miaka yote tumeishi mimi na yeye hajawahi kuniita nisije.

Mheshimiwa, naomba nikwambie kazi ya mtu anayeuguza kwenye hospitali zako, mana naona kwenye ripoti haipo. Sisi ndo tunaofuata majibu maabara, ndo tunaokwenda duka la dawa la nje ikiandikwa dawa isiyokuwepo, tunasukuma machela kwenda ekisirei, tunaogesha, tunafua mashuka, tunatafuta watu wa kuchangia damu. Damu haiuzwi, hilo nalijua na ni jambo zuri, ila ukichukua unaombwa ulete watu warudishie, nami nimewaomba vijana wa bodaboda nisiowajua hata majina na wakaja, Mungu awalipe. Na mtu wa figo damu anaihitaji mara kwa mara, daktari alinielewesha kwamba figo ndo zinazoutuma mwili utengeneze damu, zikifa damu nayo inashuka. Kuna sindano za kusaidia hilo, nazo mara zipo mara hazipo. Manesi wenyewe wanatuambia bila nyie hii wodi haiendi. Kwa hiyo mchana sisi ni wafanyakazi, giza likiingia tunakuwa wazururaji.

Mimi ni mwanaume na yeye yuko wodi ya wanawake. Sheria inasema mwanaume halali humo na naikubali kabisa, kuna akina mama wanavuliwa nguo mle, wanaogeshwa, sio mahali pangu. Mama mkwe ni mzee anayeona kwa shida, binti yetu yuko kidato cha nne siwezi kumtoa shule. Kwa hiyo ni mimi. Siombi kulala wodini. Naomba nilale mahali ambapo nikiitwa nitasikia.

Alafu kuna suala la chakula, hili watu hawalijui kabisa. Sisi kwetu ni viazi na parachichi, shamba letu ndo hilo, na vyote viwili mke wangu kakatazwa kuvila hovyo kwa sababu vina madini ya potasiamu ambayo figo nzima inayatoa na yake haitoi, yakizidi moyo unaweza kusimama. Ndizi hivyohivyo, maharage hivyohivyo. Viazi nimefundishwa kuvimenya, kuvikata vidogo, kuviloweka kwenye maji mengi, kumwaga, kuchemsha na maji mengine, kumwaga tena, ndo aonje kidogo. Chumvi karibu hakuna. Maji ya kunywa anapimiwa kwa kikombe, siku nzima, na ana kiu mpaka midomo inapasuka, mimi ndo nimnyime. Hebu niambie chakula hicho nakipata kwa mama ntilie gani? Mama ntilie anapika maharage yenye chumvi yake kwa watu wenye afya, hana kosa. Kwa hiyo natakiwa nipike mwenyewe, na pa kupikia hakuna. Nilikuwa na jiko langu la mkaa nyuma ya ukuta karibu na kichomea taka, likachukuliwa wiki ya kwanza, nikaambiwa ni hatari ya moto. Saivi naomba kwa mama mmoja muuza uji ananiachia moto wake akimaliza. Siku asipokuja, mke wangu anashindia uji.

Hela sitaki nizungumze sana leo mana nitaandika mpaka kesho. Nilikata CHF iliyoboreshwa, ile bima ya mfuko wa afya ya jamii, 30,000 kwa kaya ya watu 6, nikajiona mtu mwenye bima, kufika dirishani naambiwa kusafisha damu haimo. Kila akiunganishwa mashine, masaa manne, ni zaidi ya laki moja na nusu, na inatakiwa mara tatu kwa wiki, sisi tunajikongoja na mbili. Ng'ombe wameisha, shamba la bondeni limeisha. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, tulishangilia hata huku kijijini, tunaingojea itufike mpaka kitandani. Najua pia upandikizaji wa figo unafanyika nchini, Muhimbili wameanza 2017 na Benjamin Mkapa pale Dodoma 2018, na kwa hilo nawapongeza kwa moyo wote, shemeji yangu kaka wa mke wangu kasema yuko tayari kupimwa. Lakini ili tufike huko lazima mgonjwa avuke usiku wa hapa.

Nikuulize kitu. Wajawazito wanaotoka mbali mmewajengea nyumba za kusubiria karibu na hospitali, kule Dodoma wanaziita chigonella, mama anakuja mapema anakaa pale anapika uchungu ukianza yuko jirani na nesi. Ni jambo jema na mlilifikiria wenyewe. Hospitali nyingi za misheni, zile za zamani, zina banda la ndugu na jiko la pamoja na bomba la maji, bati na matofali tu, marehemu mama yangu alimuuguzia baba kwenye moja ya hizo na mimi nikiwa mdogo nililala humo. Sasa kwa nini hospitali ya serikali ijengwe kwa mabilioni iwe na maegesho ya magari, iwe na uzio, iwe na bustani ya maua yanayomwagiliwa, mtu anayeuguza asichorewe hata kona? Mimi naona tatizo linaanzia kwenye ramani, anayechora hajawahi kuuguza. Wengine wanasema ni wizi, kwamba mabomba yaliwahi kuibiwa na sisi tukahesabiwa wote wezi. Wengine wanasema walinzi wanapenda hivyo kwa sababu usiku ukitoa hela ya soda unaingia, na hilo nimeliona kwa macho yangu. Sijui lipi ni lipi. Labda yote.

Na banda tuliahidiwa. Kiongozi mmoja alipita wodini kipindi cha nyuma, akatukuta kibarazani, akasikitika kweli, akageukia wenzake akasema hawa watu wajengewe banda kabla ya mvua. Tukapiga makofi. Mvua ndo hizo.

Sasa ninachokuomba. Nilitaka kuomba banda, jiko, choo cha ndugu, sehemu ya kuchajia simu, sindano za damu zisikatike, na CHF iguse figo. Vyote navihitaji na sivifuti. Lakini najua banda linahitaji bajeti, na bajeti ina mwezi wake, na mke wangu hana huo mwezi. Kwa hiyo kwa leo naomba hili lisilohitaji hata shilingi: toa agizo, kwa maandishi, kwa hospitali zote za rufaa za mikoa, kwamba ndugu mmoja wa kila mgonjwa mahututi haondolewi eneo la hospitali usiku. Mmoja tu. Jina lake na la mgonjwa wake liandikwe kwenye daftari la getini na la wodini, na mlinzi anayempisha mgeni ajue pia kwamba huyu hatolewi, ugeni uje usije. Karatasi moja yenye mhuri wako. Mmebandika pale mapokezi mkataba wa huduma kwa mteja, umeandikwa haki za mgonjwa kwa herufi kubwa, nimeusoma wote nikisubiri dirisha, bandikeni na hiyo pembeni yake.

Usiniambie nimuone mganga mfawidhi, nimeshamuona. Usinitumie mtu wa kuja kunihoji nani kaniruhusu kuandika. Na nakuomba sana barua hii isije ikamrudia mke wangu kitandani wala yule nesi aliyetembea mpaka getini kwenye mvua kunitafuta, huyo kama kuna wa kupewa cheti mpeni yeye.

Leo usiku nitakuwepo tena. Agizo hilo Mheshimiwa, nakuomba, wiki hii.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mume wa mgonjwa wa kitanda cha saba