Viwanda vitunze nakala za programu za mitambo

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wenye viwanda kuhusu kidhibiti cha mitambo, yaani kompyuta ndogo inayoendesha mashine kwa kufuata programu, ambacho sisi mafundi hukiita PLC, kilichobuniwa Marekani mwaka 1968 na Dick Morley na wenzake, kikaondoa makabati yaliyojaa rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) na nyaya. Vidhibiti vingi vya zamani huhifadhi programu kwa nguvu ya betri ndogo. Betri ikiisha na umeme ukakatika, programu hufutika. Katika kiwanda kimoja nilichofanyia kazi, taa nyekundu ya betri iliwaka wiki nzima bila mtu kujali, kisha mashine ya kujaza chupa ikasimama siku nne kwa sababu hapakuwa na nakala. Betri ibadilishwe kidhibiti kikiwa na umeme, na nakala itunzwe kiwandani, si kwenye kompyuta ya mkandarasi peke yake.

Fundi umeme wa viwandani,
Morogoro