Wanaoacha mashine za kukimbilia si wavivu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala wa mazoezi ambao umekuwa ukiendelea katika ukurasa huu wa barua. Baadhi ya wasomaji wenzangu wameandika kwamba watu wa Mtwara hujiandikisha jimu kwa shangwe, hupanda mashine ya kukimbilia kwa wiki mbili tatu, kisha hutoweka kwa sababu ya uvivu. Naheshimu mchango wao, lakini hitimisho lao silikubali hata kidogo. Mtu aliyeamka alfajiri, akalipa fedha yake, akatoka Chikongola au Ligula hadi mahali pa mazoezi na kutembea nusu saa nzima juu ya mkanda unaozunguka, hawezi kuitwa mvivu kwa kuwa tu nusu saa ile ilimwelemea. Kilichomshinda ni kukinai, na kukinai huko kuna sababu zinazojulikana na dawa zinazojulikana, ambazo wengi wetu hatuelezwi siku ya kwanza.

Wasomaji wanaodhani kwamba kuchoshwa na mashine hii ni udhaifu wa wakati wetu wangefaa kuijua historia yake. Mwaka 1818 mhandisi wa Kiingereza William Cubitt alibuni gurudumu kubwa lenye vipandio, ambalo wafungwa walilizungusha kwa miguu saa baada ya saa, mara nyingi wakiwa wametenganishwa kwa mbao ili wasizungumze wala kutazamana. Magereza ya Marekani nayo yaliiga jambo hilo, na mwaka 1824 James Hardie, aliyekuwa mlinzi wa gereza moja mjini New York, aliandika kwamba kilichowatia wafungwa hofu ni kule kujirudia kwa mwendo ule ule kuliko uzito wa kazi yenyewe. Kwa hiyo, tangu zamani ilifahamika kwamba kupiga hatua bila kufika popote, mbele ya ukuta, bila wa kusema naye, kunamwelemea binadamu yeyote, awe na nguvu kiasi gani. Ni ajabu kwamba karne mbili baadaye tunawapanga wateja wetu mbele ya ukuta mtupu, kisha tunawalaumu wakikimbia.

Mashine yenye mota tunayoijua leo ilipata heshima yake hospitalini. Mwaka 1952 daktari wa moyo Robert Bruce na mhandisi Wayne Quinton, wote wa Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle, waliitengeneza kwa ajili ya kupima moyo wa mgonjwa ukiwa kazini. Katika kipimo kilichokuja kuitwa kwa jina la Bruce, mkanda hauachwi katika hali moja: kila baada ya dakika tatu kasi huongezwa na mwinuko huongezwa. Simwambii mtu afanye kipimo hicho peke yake, kwa maana ni kizito na hufanyika chini ya macho ya mganga. Ninachoomba tuazime kutoka kwake ni zile dakika tatu. Mtu anayejua kwamba baada ya dakika tatu kutakuja jambo jingine hana sababu ya kuihesabu nusu saa nzima, kwa kuwa kazi yake ni kuimaliza sehemu aliyomo.

Kabla ya kufika huko, niseme jambo ambalo kwa mtu wa pwani yetu naliona kubwa kuliko yote, nalo ni joto. Mtu anayetembea kwa kasi barabarani hujitengenezea upepo wake mwenyewe, kwa kuwa mwili unapoipasua hewa, jasho hukauka na ngozi hupoa. Juu ya mashine mwili haubanduki mahali pake, na hewa iliyomzunguka mtu hubaki pale pale ikizidi kuwa na unyevu, hasa katika miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi mvua zinapopungua Aprili, wakati ambapo hewa ya Mtwara yenyewe imekwisha kujaa maji. Moyo hulazimika kupeleka damu nyingi kwenye ngozi ili kuupoza mwili, mapigo hupanda, na mwendo ambao alfajiri ufukweni Shangani ungeonekana mwepesi huanza kuonekana mzito. Wengi huiita hali hii kuchoka au kuchoshwa, nao hujilaumu bure. Nimeona kwa macho yangu watu waliokuwa wakishuka kwenye mashine baada ya dakika kumi wakifikisha thelathini bila malalamiko, na kilichobadilika ni kwamba feni iliyokuwa ikipuliza darini ilishushwa na kuelekezwa kifuani mwao. Kabla hujabadilisha muziki, kabla hujanunua viatu vipya, tafuta feni, au omba mashine isogezwe karibu na dirisha linalopokea upepo wa bahari.

Nafahamu jibu ambalo baadhi ya wenzangu watalitoa: kama mashine inachosha, tokeni nje, barabara ya Mikindani ipo na pwani ipo. Wanaosema hivyo wana bahati ya kuwa na miguu imara na saa za kuchagua. Wapo kina mama wengi ambao nafasi yao pekee ni baada ya Magharibi, na kutembea peke yao gizani si jambo la kuwashauri. Wapo wazee wenzangu ambao magoti hayawezi mchanga wala mashimo, wapo waliotoka hospitalini na maagizo ya kutembea kwa kiasi maalumu kwa sababu ya kisukari au shinikizo la damu, kama mimi nilivyoagizwa, na wapo wanaozuiwa na mvua. Hata miongoni mwa wanariadha hasa jambo hili si aibu. Christine Clark, daktari kutoka Anchorage huko Alaska, alifanya sehemu kubwa ya maandalizi yake ndani ya nyumba juu ya mashine kwa sababu ya barafu, na mwaka 2000 akashinda mbio za marathoni za kuchagua mwakilishi wa Marekani katika Olimpiki. Mashine ni zana halali, ila lazima mtu afundishwe kuitumia.

Nirudi sasa kwenye zile dakika tatu. Mtu anayeanza atembee polepole kwa dakika tano ili mwili upate moto. Baada ya hapo azigawe dakika zilizobaki katika vipande vya dakika tatu: dakika mbili za mwendo wa haraka na moja ya kupumua, au dakika tatu za mwinuko kidogo kwa kasi ndogo, kisha tatu za tambarare kwa kasi kubwa. Kitufe cha mwinuko ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote, ilhali ndicho kinachomwezesha mtu asiyeweza kukimbia kuupa moyo wake kazi ya kutosha huku akitembea tu. Barabara halisi ina vilima, na asiyeamini amuulize mtu wa Newala. Mwinuko wa asilimia moja tu huifanya mashine ikaribiane na barabara kwa mtu anayekimbia, kwa kuwa hufidia ule upepo ambao hakupambana nao. Jambo la lazima ni kutoning'inia kwenye vishikio, maana anayeviegemea huibia miguu yake kazi huku kioo kikimwonyesha namba ambazo mwili wake haukuzifanyia kazi.

Namba zenyewe ni mtihani. Kioo cha mashine kipo mbele ya macho, na kila anayekitazama hukuta sekunde ishirini tu zimepita tangu alipokitazama mara ya mwisho. Funika kioo kwa kitaulo. Kasi ipimwe kwa pumzi: katika mwendo wa wastani mtu anapaswa kuweza kuzungumza sentensi nzima lakini ashindwe kuimba. Akiweza kuimba, aongeze kasi. Akishindwa hata kusalimia, apunguze. Kipimo hiki hakihitaji chombo chochote, na kina faida nyingine, yaani kinamtaka mtu azungumze. Wawili waliopanga kupanda mashine zilizo jirani kwa wakati mmoja, hata kama kasi zao hazilingani, watamaliza nusu saa yao wakiwa katikati ya habari za mtaa, na mmoja hataweza kukosa kesho bila mwenzake kumuuliza.

Asiye na mwenzi ana masikio. Muziki una nafasi yake, na wataalamu kama Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel nchini Uingereza wameonyesha kwa miaka mingi kwamba hupunguza hisia ya ugumu katika mazoezi ya kiasi cha chini na cha kati. Hata hivyo mdundo uchaguliwe kwa miguu. Mtembeaji wa haraka hupiga hatua zipatazo 120 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wenye mapigo yanayokaribia hayo humsukuma bila yeye kujua, ilhali singeli, ambayo mapigo yake hupita 200 kwa dakika, itamchanganya asipojihadhari. Binafsi naipendelea hadithi kuliko muziki. Mwaka 2014 Katherine Milkman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha utafiti ambao ndani yake baadhi ya watu walipewa simulizi za kusikiliza ambazo wangezipata jimu pekee. Mwanzoni watu hao walihudhuria mara nyingi kuliko wenzao. Kila mmoja wetu anaweza kujiwekea sharti kama hilo. Tamthilia ya redio uliyoirekodi, mawaidha ya shehe unayempenda, mahubiri, uchambuzi wa mechi ya jana: chagua kimoja unachokitamani kweli na ukiweke kwa ajili ya mashine tu, kisha kizime unaposhuka, hata kama hadithi imekuacha njia panda. Wenye televisheni ukutani nao wanaweza kutafuta mbio za marathoni za ubingwa wa dunia za Tokyo za Septemba 2025, ambazo Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu alizishinda kwa muda wa saa 2:09:48, sawa kabisa na muda wa Mjerumani aliyekuwa wa pili, wakitenganishwa na picha ya mstari wa mwisho. Simu ya kusoma na kuandikia ujumbe, hata hivyo, ibaki mfukoni, maana shingo iliyoinama na mkanda unaokwenda ni chanzo cha kuanguka. Na kwa kuwa mtu anaweza kuteleza wakati wowote, ile kamba ya usalama, inayousimamisha mkanda ikivutwa, ifungwe kwenye nguo kila siku, bila kujali uzoefu wa mtu.

Utafiti huo huo wa Pennsylvania ulionyesha pia kwamba faida ilififia baada ya watu kwenda likizo ya sikukuu na kurejea. Kwetu jambo hili lina uzito mkubwa, kwa sababu mwaka wa mtu wa Mtwara una mikatiko yake: msimu wa korosho unaowavuta watu Tandahimba na Newala, mwezi wa Ramadhani, misiba na harusi. Anayekatika si kwamba ameshindwa. Apange mapema siku ya kurudi, na arudi na kasi ndogo kuliko aliyoiacha. Kwa wafungaji, nusu saa ya mwendo wa kiasi baada ya tarawehe, maji yakiwa yameshanywewa, inatosha kuishikilia desturi isipotee.

Liko pia suala la kutofika popote, lililowatesa wafungwa wa Cubitt. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima wafanye mazoezi ya kiasi cha kati kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Anayetembea kilomita tano kwa saa kwa dakika hizo 150 hukusanya kilomita 12 na nusu kila wiki. Aziandike kwenye daftari na kuzihamishia kwenye ramani ya barabara yetu: wiki ya kwanza atakuwa ameipita Mikindani, kisha ataitafuta Mpapura, na kabla miezi miwili haijaisha atakuwa amevuka Mingoyo akielekea Lindi. Najua wapo watakaoona hili ni jambo la watoto. Mimi nimeona watu wazima, tena wenye vyeo, wakiulizana mlangoni mwa jimu nani amefika wapi, na wasitake kulala kabla ya kufika kijiji kinachofuata.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ombi langu linawaelekea wenye jimu na walimu wa mazoezi wa Mtwara na Lindi. Mgeni anapolipa ada ya mwezi wa kwanza, apewe pamoja na risiti yake karatasi ya ratiba ya wiki nne, iliyoandikwa kwa Kiswahili, yenye vipande vya dakika tatu vinavyolingana na umri na afya yake. Aulizwe kama anatumia dawa za moyo au za shinikizo la damu, na kama anazitumia, apate kwanza ruhusa ya daktari wake. Mashine zigeuzwe zitazame dirisha au mlango, feni ziwekwe usawa wa kifua, na ubaoni paandikwe majina ya wanaotafuta mwenzi wa saa fulani. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mashine mpya kutoka nje, na mengi yanaweza kufanyika kabla ya mwezi huu kwisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mtumishi wa umma mstaafu,
Shangani, Mtwara.