Shukrani kwa Mzee wa Trekta Kando ya Ziwa Seneca

Kwa niaba ya familia yangu, napenda kumshukuru kwa dhati mzee mmoja, ambaye kwa haraka zetu hatukumuuliza hata jina, aliyetunusuru karibu na mji wa Watkins Glen, jimbo la New York, baada ya gari letu la kulala, lenye urefu wa futi 30, kukwama kwenye tope katika njia nyembamba ya kuingilia shamba la mizabibu. Alilivuta kwa trekta lake, akakataa fedha, kisha akatueleza kwa utulivu kwamba Ziwa Seneca, lenye kina cha mita zipatazo 188, huhifadhi joto la kiangazi na kuipunguzia mizabibu ya miteremkoni makali ya baridi, ndiyo maana zabibu za Riesling hustawi huko. Mimi niliyekulia Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka na theluji haijulikani, nilimsikiliza kama mwanafunzi. Ushauri wake wa kuliacha gari kambini na kukodi teksi ulituwezesha kuonja mvinyo katika viwanda vitatu, hata yule wa kwetu anayeendesha gari letu akiwemo. Mzee wetu, chupa tuliyoiacha pale langoni ni yako.