Riwaya hii imeshonwa kwa kipimo cha mtihani

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani Kariobangi Kusini. Mwaka 2003 nilinunua riwaya ya kwanza ya mwandishi ninayempenda kuliko wote kwa wauza vitabu vya inama, vile vya mitumba vinavyotandazwa chini, pale Tom Mboya Street, jalada limeng'oka, shilingi 70. Nimeisoma mara sita. Kuna mama humo anayehesabu sarafu za kodi ya nyumba gizani kwa kuzipapasa, bila kuziacha zigongane, watoto wasije wakaamka na kujua hazitoshi. Hasemi neno, na mwandishi hamsemei. Mama yangu alikuwa akifanya vivyo hivyo tulipoishi Kaloleni, na sikuwa nimewahi kumwambia mtu.

Ndiyo maana niliposikia ametoa riwaya mpya baada ya kimya cha miaka minane, nilienda mjini siku hiyo hiyo na kuacha mashati mezani bila vifungo. Nililipa shilingi 890, ikiwemo ile VAT ya asilimia 16 iliyobandikwa vitabu tangu 2013 (hiyo nayo inataka barua yake). Pesa hazikuniuma. Kilichoniuma nilikikuta ukurasa wa 12.

Kufikia hapo nilikuwa nishamjua kila mtu. Waziri anaitwa Mlafi, mwalimu anaitwa Mwadilifu, na mji ni Tamaani. Iko wapi Jogoo Road aliyotuandikia zamani? Liko wapi soko la Burma na wachuuzi wake wa nyama, na lile la Muthurwa likifurika matope mvua ya Aprili? Mke wa Mwadilifu anafiwa na mtoto, jirani anamfariji kwa methali tatu mfululizo, naye anamjibu kwa ya nne. Mhariri, mimi nimefiwa. Hakuna aliyenijia matangani na methali. Watu walikaa tu, mmoja akainuka akaosha vyombo. Huyu mwandishi analijua hilo, kwa sababu yeye ndiye aliyeandika mama wa sarafu.

Binti yangu yuko kidato cha nne. Alikichukua kitabu na penseli, na baada ya nusu saa pambizo zilikuwa zimejaa majina ya mbinu za fasihi: majazi, taharuki, mbinu rejeshi, tashihisi. "Mama, hiki kinajibika!" akaniambia kwa furaha. Hapo nikaelewa. Hapa pametengwa dondoo la alama 4, pale swali la alama 20, yote tayari kwa Karatasi ya Tatu, ile ya fasihi katika mtihani wa Kiswahili wa kidato cha nne. Nazijua sare za shule. Unakata mia moja kwa kipimo kimoja, na hakuna mtoto hata mmoja ambaye ile shati inamkaa sawasawa.

Sababu zake naziona. Riwaya ikiteuliwa kutahiniwa hununuliwa na shule nchi nzima; isipoteuliwa hukaa rafuni ikila vumbi. Kodi ya nyumba hailipwi kwa mapenzi yangu. Hata mimi Januari nashona sare mchana na usiku, maana ndizo zinazonilipia karo. Lakini bibi harusi akija, nampima bega, kiuno, hadi kifundo cha mkono, na ile karatasi ya sare siigusi. Sisi tuliomaliza shule zamani tulikuwa wateja wake wa namna hiyo.

Ninalo ombi, na ni kwako, Mhariri. Siamini kwamba hana mswada mwingine kabatini, ambao haukufaa shule. Mpe nafasi gazetini, hata nusu ukurasa kila Jumamosi, hadithi ya mfululizo ya watu wazima, bila maswali chini yake. Aanze na yule mama. Miaka yote hii nangoja kujua kama mwenye nyumba alimwelewa, au aliwatoa nje. Nitanunua gazeti kila wiki, na kwenye kibanda changu tuko mafundi watatu tutakaolisoma kwa zamu.

Fundi cherehani,
Kariobangi Kusini, Nairobi